Je, Wajua? Lango, Matope na Mnunuzi wa Minnesota

Je, wajua kwamba mnunuzi wa nyumba katika Kisii na Nyamira huanza ukaguzi wake kwa viatu? Macho hufuata baadaye. Udongo wa Gusii ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, ndugu wa ile kutu inayolila geti lako, na ukishalowa hung'ang'ania soli kama ugali wa wimbi unavyong'ang'ania mwiko. Mtu aliyeshuka kwenye lami akatembea hatua arobaini huku kila kiatu kikizidi kuwa kizito, hata ukimfungulia sebule ya kifahari, atakuwa anatafuta pa kujikwangulia. Hapo bei imeshaanza kuteremka na wewe hujatoa hata chai.

Je, wajua kwamba dawa yake si kabro? Kabro ni nzuri, lakini muuzaji hana haja ya kulipia mita 30 za mawe yatakayokanyagwa na mwingine. Ukanda wa moramu au kokoto wenye upana wa mita 1, kutoka langoni hadi ngazini, unatosha. Sharti moja tu: fundi auinue katikati, uwe na mgongo kama barabara, maji yateremkie kando. Moramu iliyotandazwa bapa hugeuka dimbwi kabla ya mwezi kwisha, na dimbwi mbele ya nyumba ni tangazo baya ambalo hukulilipia.

Je, wajua kwamba kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote mbele ya nyumba ya Gusii ni kipande cha chuma chakavu? Mwendee fundi wa kuchomelea hapo juakali, akukatie chuma bapa cha urefu wa shubiri mbili, akisimamishe juu ya vipande viwili vya nondo. Kichimbie kando ya ngazi ya kwanza, ukizungushie saruji kidogo. Mgeni akikiona anajua la kufanya: anapitisha soli mara mbili, matope yanabaki nje, naye anaingia akiwa mtu mzima mwenye heshima zake. Ukikosa hicho, gunia. Lakini gunia jipya. Gunia la jana lililoloa linanuka, na pua ya mnunuzi nayo inapiga hesabu.

Je, wajua kwamba tone la mvua likigonga udongo mtupu huweza kurusha chembe zake hadi sentimita 60 juu? Ndiyo maana nyumba nyingi za huku, hata zilizopakwa rangi mwezi jana, zina sketi nyekundu kuzizunguka. Watu hupaka upya rangi ya krimu kila mwaka na mvua ya Aprili huirudishia sketi yake. Acha kushindana nayo. Paka mkanda wa kahawia iliyoiva kuanzia chini hadi kimo cha goti, kisha tandaza kokoto au mawe madogo chini ya ukingo wa paa ili tone liangukie jiwe. Mkanda wa mbele tu. Nyuma ya nyumba mnunuzi atafika akiwa ameshaamua nusu.

Tukiwa bado kwenye maji: je, wajua kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili? Sehemu kubwa ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 60, basi, hupokea zaidi ya lita 90,000. Sasa tazama kile kipaa kidogo cha baraza lako, tuseme mita za mraba 10. Mvua moja ya milimita 30, ambayo huku si habari, huteremsha lita 300, na kama hakuna gata zote huanguka pale pale mgeni anaposimama kupiga hodi. Mita tatu au nne za gata juu ya mlango wa mbele zina maana kuliko milango miwili ya mninga. Na ikiwa tayari una tangi la maji, usilifiche nyuma kwa kuona haya. Mnunuzi anayejua Kisii akiliona anatabasamu.

Je, wajua kwamba saa ya kumleta mnunuzi imepangwa na Ziwa Viktoria? Joto la mchana huvuta hewa yenye unyevu kutoka ziwani, ikafika kwenye milima, ikapanda, ikapoa. Kufikia saa nane au saa tisa, mawingu yameshajaa. Ukanda huu wa Kisii, Nyamira na Kericho unajulikana pia kwa mvua ya mawe, wakulima wa majani chai wanaijua kwa uchungu. Kwa hiyo dalali akikuambia "tutakuja mchana", mwambie saa nne asubuhi. Na kazi ya rangi ifanye Januari au Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Rangi ya mafuta huhitaji takriban siku nzima kabla ya kupakwa mkono wa pili, nayo mvua ya saa tisa haingoji ikauke.

Lakini mnunuzi mwenyewe je, yuko Kisii?

Je, wajua kwamba jimbo la Minnesota kule Marekani lina jamii kubwa ya Abagusii? Baadhi yao hununua nyumba za nyumbani kwa kuangalia simu. Nilishuhudia mwenyewe Desemba moja, viungani mwa mji. Binamu yangu alikuwa ameshika simu kwa niaba ya mtu wa huko, mimi nimesindikiza tu. Mwenye nyumba, mama mjane wa makamo, alikuwa amepanga vitambaa vipya juu ya makochi na amechemsha chai ya maziwa. Mtu wa Minnesota akasalimia kwenye simu, "Bwakire, Baba." Dalali, kijana aliyekulia Mombasa, akageuka kutafuta huyo baba yuko wapi. Hakujua kwamba kwa Ekegusii baba ni mama, na baba wa Kiswahili ni tata.

Tulipotaka kuingia sebuleni, sauti ikatoka Minnesota. "Ngoja kwanza, ndugu yangu. Rudi hadi kwenye lami. Uanzie pale, utembee polepole, mimi niwe kama nakuja nyumbani."

Tukarudi. Tukapita kibanda cha M-Pesa, tukapita ng'ombe aliyefungwa kando ya njia, tukafika penye mchirizi uliozibwa na majani makavu ya ndizi. Binamu akauruka, simu ikaruka naye. "Simama hapo. Hilo daraja liko wapi?" Hapakuwa na daraja. Palikuwa na gogo la mkaratusi. Tukafika langoni, geti likakataa kufunguka mpaka mtoto alipoliinua kwa bega. Mtu wa Minnesota hakusema neno, na huko kunyamaza kwake mama alikuelewa kuliko sisi sote. Makochi yenye vitambaa vipya yaliangaliwa kwa sekunde kama kumi.

Kwa hiyo, je, wajua kwamba mbele ya nyumba yako huanzia barabarani, hata kama mchirizi ule si wako? Zibua. Tafuta kalivati la saruji au mbao mbili nene zilizopigiliwa pamoja. Nusu siku ya kibarua.

Je, wajua kwamba jua la Kisii huhamia upande mwingine wa nyumba? Mji huu uko chini kidogo tu ya ikweta, haufiki hata digrii 1 kusini. Juni, jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Desemba, upande wa kusini. Na Desemba ndiyo msimu ambao watu wa Nairobi na wa ng'ambo hurudi kwa Krismasi, wakazunguka kutafuta ploti na nyumba. Kama baraza lako linatazama kusini, bahati yako: litang'aa msimu wa wanunuzi. Likitazama kaskazini, piga picha zako Juni, uzihifadhi. Nyumba zinazotazama mashariki ni rahisi, saa mbili asubuhi zinajipendekeza zenyewe. Za magharibi ndizo zenye kisirani, kwa kuwa mwanga wao mzuri huja saa ile ile ya mvua. Hizo zisubiri siku kavu za Januari.

Je, wajua kwamba mkebe mmoja wa lita 4 unatosha geti zima, pande zote mbili, mikono miwili? Geti la mita 3 kwa mita 2 lina mita za mraba 12 ukihesabu mbele na nyuma. Mikono miwili ni 24. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika kama mita 10. Kinachobaki, paka mlango na vyuma vya dirisha la mbele, vyote rangi moja, nyumba ionekane ilifikiriwa na mtu mmoja. Ila usiruke msasa na brashi ya waya. Kutu ikifunikwa hai huendelea kula chini kwa chini, na baada ya mvua chache rangi huvimba malengelenge. Mnunuzi mjanja hubonyeza lengelenge kwa kidole gumba. Nimemwona mmoja akifanya hivyo huku akizungumzia habari za mpira.

Je, wajua kwamba makazi rasmi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, ile Namba 10 ya Downing Street, yalijengwa kwa matofali ya manjano? Moshi wa London uliyageuza meusi, na walipoyasafisha katika ukarabati mkubwa wa karne ya 20 wakashtuka kuona rangi yake ya kweli, wakayapaka nyeusi ili watu waendelee kuitambua nyumba. Tofali la kuchoma la Kisii halina shida hiyo. Lioshe kwa brashi na maji ya sabuni, liachwe jekundu lilivyo. Kulipaka rangi ya kung'aa ni kulipia kazi ya kuficha kitu kizuri.

 

Je, wajua kwamba lile bango la "Mbwa Kali" lina kosa la sarufi nchi nzima? Mbwa ni kiumbe hai, kwa hiyo ni mbwa mkali. Lakini kosa hilo si kubwa kama la kuliacha geti likiwa na bango hilo siku ya mnunuzi, hasa bango la nyumba ambayo mbwa wake alikufa zamani. Mtu anayesimama nje akiogopa haoni maua. Liondoe, na kama mbwa yuko, apelekwe kwa jirani tangu asubuhi.

Je, wajua kwamba sanamu ya Ndege wa Amani iliyoko makao makuu ya UNESCO, Paris, ni kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka? Tabaka iko Kaunti ya Kisii, na machimbo yake ya jiwe la sabuni hulisha masoko ya vinyago mbali sana. Jiwe hilo ni laini, kisu hulikwaruza, hupatikana jeupe, la waridi, la kijivu. Mchongaji wa kawaida atakukatia kibao chenye namba ya nyumba kwa bei ambayo kibao cha plastiki cha dukani hakiwezi kukukejeli. Kibandike kwenye nguzo ya geti, chini ya kipaa kidogo. Ila usithubutu kulitandika jiwe hilo ngazini: ulaini ule ule unaomfurahisha mchongaji huliwa na viatu, na likisuguliwa likalowa linateleza. Mnunuzi akianguka mbele ya mlango wako, hakuna kipunguzo cha bei kitakachomwinua.

Ngazi zenyewe, kwa haraka: kimo sawa, zote. Mguu hukariri ngazi mbili za kwanza, ya tatu ikizidi kwa sentimita chache mtu anajikwaa. Saruji kidogo inasawazisha.

Je, wajua kwamba nyasi ambazo wenye nyumba California na Australia huzipanda kama zulia la uwanja, wengine wakizipiga vita kama magugu, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki? Ni nyasi ya Kikuyu, ile ile unayoikanyaga. Huhitaji kununua. Ng'oa vipande vyenye mizizi kando ya shamba, panda kwa mstari mvua zinapoanza, mwagilia ikibidi, fyeka. Baada ya msimu mmoja una kiwanja.

Je, wajua kwamba rangi kali ya bogenvilia si ua? Hayo ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Mmea huu ulitoka Amerika Kusini, ukapewa jina la baharia Mfaransa, Bougainville. Mtaalamu wa mimea aliyesafiri naye miaka ya 1760, Commerson, alikuwa na msaidizi mchapakazi aliyegundulika baadaye kuwa mwanamke aliyejivika kiume, Jeanne Baret, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Omba kijiti kwa jirani, kitashika. Kiwe mbali na njia lakini, miiba yake haichagui suti.

Migomba je? Usiikate. Kwa mtu wa Kisii au Nyamira mgomba karibu na lango ni chakula. Ondoa majani makavu yanayoning'inia, punguza machipukizi yabaki matatu kwa shina, mama, binti na mjukuu, kama maafisa wa kilimo wanavyosema. Mkungu mmoja ukiwa unaning'inia siku hiyo, basi, nyumba inajisemea.

Sasa tuingie penye uzito. Je, wajua kwamba nyumba nyingi za vijijini Gusii haziuziki hata zikipakwa dhahabu langoni? Kwa desturi, marehemu huzikwa nyumbani, karibu na nyumba yake, mwanamume upande wa kulia na mwanamke upande wa kushoto. Mgeni akiingia langoni, wazee wa nyumba ile wanakuwa wa kwanza kumpokea. Ndiyo sababu soko lenye uhai ni la ploti na nyumba za mijini na pembezoni mwake: Nyanchwa, Mwembe, Suneka, Nyamira mjini, Keroka. Na kama kwenye kipande unachouza kuna kaburi, usilizungushie maua ukidhani umelificha. Lisemwe mapema, familia iamue mbele ya mnunuzi. Anayeligundua mwenyewe hatakuamini hata ukimwonyesha risiti ya umeme.

Keroka yenyewe imekaa juu ya mpaka wa kaunti mbili. Muuzaji wa huko ajue geti lake liko Kisii au Nyamira kabla hajaulizwa.

Je, wajua kwamba lango la kwanza la nyumba liko kwenye ramani? Kwa sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kisii ni karibu watu 960 kwa kila kilomita ya mraba; wastani wa nchi ni 82. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana, mwana kwa wanawe, hadi yakawa vipande virefu vyembamba vinavyoteremka mlimani mpaka mtoni. Katika ugawaji huo njia nyingi hazikuchorwa. Zilikubaliwa kwa mdomo: utapitia kwa ami, kando ya mnyaa, mpaka ami akifa na mwanawe akapanda matete juu ya njia. Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa na geti la kupendeza linalofungukia shamba la mtu.

Siku ile ya simu, swali la mwisho la mtu wa Minnesota halikuhusu geti bovu wala gogo. Aliuliza, "Hiyo njia mliyopita ni ya nani?" Dalali akasema ni ya watu wote. Mama akasema ni ya shemeji yake. Chai ikapoa.

Basi kabla hujanunua rangi, nenda ofisi ya ardhi ukaangalie ramani ya usajili. Kama njia haipo, mlete mpimaji aliyesajiliwa, kaeni na jirani, mwandikishe haki ya kupita iwe kwenye daftari la ardhi. Mkishindwana, Sheria ya Ardhi ya 2012 humruhusu mwenye ardhi iliyozingirwa kuiomba mahakama impatie njia, lakini huko ni mbali na ghali kuliko kumchinjia jirani kuku.

Je, wajua kwamba mauzo ya ardhi ya kilimo bila kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi ni batili? Sheria hiyo ni ya 1967, na ombi la kibali linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Na nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, haiuzwi bila mwenzako kuridhia. Mnunuzi makini huangalia ni nani amekuja kumpokea langoni. Baba akiwa peke yake, huku mama "ameenda sokoni" mara tatu mfululizo, mnunuzi anarudi mjini.

Je, wajua kwamba kodi ya faida ya mtaji ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023? Ukiwa umeishi katika nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, kodi hiyo haikuhusu. Lakini kama ulikuwa umeipangisha, gharama za kuiongezea thamani hutolewa kwenye hesabu ya faida. Geti jipya, kalivati, ukuta wa mbele. Tunza risiti, hata ile ya juakali iliyoandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha daftari; mwombe fundi aweke jina na sahihi. Mnunuzi naye ana mzigo wake: ushuru wa stempu, asilimia 4 ndani ya manispaa, 2 nje yake. Kwa nyumba ya shilingi milioni 5 ya mjini hiyo ni 200,000, na hizo anazihesabu kichwani akiwa amesimama barazani kwako, akitazama kama taa ya mlangoni inawaka.

Weka balbu, basi.

Na kitasa? Je, wajua kwamba hicho hupaswi kukinunua? Mnunuzi atakibadilisha siku ile ile atakapokabidhiwa funguo. Chukua penseli, isugue risasi yake kwenye meno ya ufunguo, uuingize na kuuzungusha mara kadhaa hadi ugeuke bila kelele.